Daftari la Mashimo

Hotuba niliyoitoa kwa askari wa wanyamapori wa vijiji, wakulima, wafugaji na wanafunzi, tarafa ya Idodi, Iringa

Kamwene!

Kamwene, wanyalukolo. Shikamooni wazee wangu, shikamooni mama zangu. Vijana, habari za tangu asubuhi? Ndugu zetu wafugaji mliotoka ng'ambo ya mto, karibuni sana, na ahsanteni kwa kuwaachia watoto ng'ombe ili mje kusikiliza habari za mjusi.

Najua tukiitwa mkutano wa wanyamapori hapa kwetu, tunaitwa kwa tembo aliyemaliza mahindi au simba aliyeruka zizi. Mbuga ya Ruaha iko hapa jirani, na wanyama wake wakubwa hatuwasahau, kwa sababu wao wenyewe hawaturuhusu kusahau. Leo nimeomba nafasi nizungumzie mnyama asiyegonga mlango wa mtu. Anakaa chini ya miguu yetu, shimoni, na akitoweka hatasikika.

Nianzie mbali kidogo, kisha nitarudi Idodi.

Australia, katikati kabisa ya nchi ile, kuna jangwa la mchanga mwekundu lenye mafungu ya nyasi ngumu zinazochoma kama sindano. Humo anaishi mjusi mnene, mgongo rangi ya kutu, tumbo la njano. Kutoka puani hadi ncha ya mkia hufika kama sentimita 44, na uzito wake unaweza kufika gramu 350. Wanasayansi walimwandika kwenye vitabu vyao mwaka 1893 na sasa wanamwita Liopholis kintorei. Lakini wenyeji wa jangwa lile walikuwa wanamjua tangu enzi za mababu wa mababu zao, na kila watu wana jina lake. Wawarlpiri humwita warrarna. Wamartu humwita mulyamiji. Wapintupi humwita tjalapa. Waanangu, wenye ardhi ya ule mwamba mkubwa wa Uluru, humwita tjakura.

Tjakura. Inatamkwa karibu na chakura. Mara ya kwanza kulisikia jina hilo nilishtuka, maana sisi tunasema kuku anachakura. Lugha zile hazina undugu wowote na Kiswahili, ni sadfa tu, lakini jina limemkaa kama nguo aliyoshonewa. Kazi ya huyu mjusi ni kuchakura mchanga mwaka hadi mwaka.

Na hachakuri peke yake. Mwaka 2011 watafiti walichapisha matokeo yaliyowashangaza wengi wanaosoma mijusi. Mijusi wengi duniani wakishazaliwa au kuanguliwa, kila mmoja na lwake, mama hamjui mtoto na mtoto hamjui mama. Tjakura anajenga nyumba ya ukoo. Baba, mama, watoto wa mwaka huu na wadogo wa miaka iliyopita wanakaa kwenye mfumo mmoja wa mashimo. Nyumba hiyo inaweza kuwa na milango hadi 20, ikaenea zaidi ya mita 10, ikashuka zaidi ya mita moja chini ya ardhi, na ikakaliwa mfululizo hadi miaka 7. Wakubwa wanachimba njia kuu na kuzikarabati. Wadogo wanachimba vijinjia vyao vidogo pembeni, kama mtoto wa mwashi anayejifunza kwa kujenga kibanda cha kuku nyuma ya nyumba ya baba yake. Watoto wanazaliwa wazima, si mayai. Baridi ikija wanalala humo ndani miezi kadhaa.

Sasa wazee wangu, hapa nawaomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu ndipo ilipo kazi yetu. Mjusi huyu ana choo.

Familia nzima inakwenda haja mahali pamoja, nje ya shimo, hatua chache kutoka mlangoni. Rundo linakua. Na rundo lile linasema mengi kuliko mjusi mwenyewe, ambaye hutoka zaidi usiku na akikusikia anazama. Mavi mabichi meusi yanasema nyumba ina watu. Yaliyokauka yakawa meupe yanasema wenyewe wamehama au wamekufa. Mavi makubwa ni ya wazazi. Ukikuta madogo kando ya makubwa, mwaka huu wamezaa. Hujamshika mjusi, hujamfukua, hujamtia kwenye gunia, na tayari unajua kama yupo na kama ana watoto.

Ndiyo maana wanaomfuatilia tjakura leo ni watu wa kule kule. Walinzi wa ardhi, wengi wao wenyeji, wanakwenda mwishoni mwa msimu wao wa joto, watoto wakishazaliwa. Wanapima kiwanja cha hekta 2, sawa na ekari tano zetu, wanatembea ndani yake wakisoma mchanga: nyayo, mkia, mavi, mdomo wa shimo. Mwakani wanarudi pale pale. Wazee, akina mama kwa akina baba, ndio wanaosema alama hii ni ya nani na ni ya lini, na vijana wanaingiza kwenye kishikwambi. Mpango wa taifa lao wa kumwokoa mjusi huyu umeandikwa pamoja nao, na jina la mpango lenyewe limebeba majina matano ya kienyeji ya mjusi mmoja. Mimi jambo hilo liligusa moyo wangu. Ina maana serikali ilikubali kwamba kila jina ni ushahidi wa watu waliomtazama kwa muda mrefu.

Lakini walifika hapo baada ya kuumia. Watu wa jangwa lile zamani walikuwa wanachoma nyasi kidogo kidogo wakitembea, leo kipande hapa, kesho kutwa kipande kule. Ardhi ilikuwa na viraka: penye nyasi changa, penye nyasi za kati, penye nyasi zilizozeeka. Kisha walihamishiwa kwenye misheni na makazi, vile vimoto vidogo vikazimika, nyasi zikalundikana, na siku moto ulipokuja ulikuja mmoja mkubwa usio na mahali pa kusimama. Mwaka 1976 moto wa namna hiyo ulichoma sehemu kubwa ya hifadhi ya Uluru. Mjusi anaweza kuponea shimoni, moto ukampita juu. Tabu inaanza asubuhi yake: anatoka mlangoni, hakuna fungu la nyasi la kujifichia, na paka amekaa anamsubiri.

Paka hawakuwepo Australia. Waliletwa na Wazungu, wakatoroka, wakawa wa porini kabisa. Mbweha wekundu nao waliletwa kutoka Ulaya. Kuna kijiji kimoja kinaitwa Kiwirrkurra, ndani sana jangwani, ambako wawindaji, wengine wao wanawake wazee, wanamfuata paka kwa nyayo tu, kwa miguu, jua kali, hadi paka anachoka anasimama. Wanafanya hivyo kwa sababu ni desturi yao kumla. Na kwenye ardhi wanayotembea, yule mjusi bado yupo. Mwaka 1985, tarehe 26 Oktoba, Waanangu walirudishiwa hati ya ardhi ya Uluru, na tangu hapo wanaiendesha hifadhi pamoja na serikali. Vimoto vya viraka vimerudi.

Turudi nyumbani.

Sisi tunaye guruguru. Watoto wa shule nawaona mnatabasamu, mnamjua. Yule mwenye magamba ya mraba yaliyopangwa safu safu mgongoni kama matofali, na mkunjo unaokwenda ubavuni kuanzia shingoni hadi kwenye paja. Anapenda kichuguu kilichokufa, au anachimba chini ya kichaka. Anakula wadudu, na tunda lililodondoka halikatai. Wengi mmeambiwa ana sumu. Hana. Akina mama, mtoto akija mbio akilia kwamba guruguru amempulizia, mpeni maji anywe, mwambieni amtazame vizuri kesho.

Sikuja kuwatangazia kwamba guruguru amekwisha. Nimekuja na swali moja: mwaka juzi walikuwa wangapi kwenye vichuguu vya huku mtoni? Mwaka jana je? Nyie mnaopita pale kila siku mnajua. Mnajua kichwani. Mzee akifariki, kile kichwa tunakizika nacho.

Septemba iliyopita nilitembea na babu mmoja mrina asali. Yupo hapa, ameketi chini ya mbuyu ule, na ameniomba nisimtaje jina. Tulifika kwenye kichuguu cha kwanza, nami nikapiga magoti na tochi yangu nimulike ndani. Akaniambia, "Mwalimu, humo hamna mtu."

"Umejuaje, babu?"

"Mlango una pazia. Hulioni?"

Nikatazama. Utando wa buibui, kutoka ukingo hadi ukingo, umejaa vumbi. Hakuna aliyepita pale kwa siku nyingi, na mimi nilikuwa naangalia ndani kupitia katikati ya jibu.

Kichuguu cha pili, mdomo wa shimo ulikuwa laini kama umepakwa, jinsi tumbo la mnyama linavyousugua akiingia na kutoka. Kwenye mchanga mbele yake kulikuwa na alama za vidole kulia na kushoto, na katikati mstari mwembamba unaoyumba: mkia. Babu akaweka kiganja chini kando ya nyayo, akakaa kimya muda kidogo. Kisha akasema, "Ameingia jana jioni. Leo bado hajatoka." Nikamuuliza tena amejuaje. Akanionyesha kwa ncha ya kijiti vijinukta viwili viwili vilivyokatiza juu ya nyayo za guruguru. Mende. Guruguru anatembea mchana, yule mende alitembea usiku, na nyayo za mende zilikuwa juu. Kwa hiyo guruguru alitangulia, usiku ukaja, na tangu mende apite hakuna aliyekanyaga tena.

Nimefundisha baiolojia miaka mingi. Hakuna siku niliyoona ushahidi ukisomwa kwa usafi kuliko asubuhi ile. Na kama nisingekuwepo na kalamu, usingeandikwa popote. Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Sisi tuna wasomaji wa ardhi kila kijiji, tulichokosa ni daftari.

Labda niseme kwa nini neno daftari linaniuma. Miaka kadhaa iliyopita kulikuja mradi, sitautaja. Tuliambiwa tuandike kila mnyama tunayemwona. Vijana hapa waliandika msimu mzima, mvua na jua, wengine kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. Siku ya mwisho madaftari yalikusanywa, yakapakiwa kwenye gari, tukapigwa picha tukiwa tumeyashika. Hatukuyaona tena, wala nakala, wala ukurasa mmoja wa majibu. Kijana mmoja aliniuliza mwaka uliofuata, "Mwalimu, yale tuliyoandika yalikuwa na makosa?" Sikuwa na la kumjibu. Yalikuwa hayana makosa, mwanangu. Kosa lilikuwa letu sisi wakubwa, kukubali yaondoke bila nakala. Kwa hiyo daftari ninalolizungumzia leo linakaa kijijini. Mgeni anayelitaka atakuja kulisoma hapa, kwenye meza yetu, na akinakili atawaandika walioandika.

Wanaodhani jina la mwenyeji halina uzito kwenye sayansi nawakumbusha Rungwe. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wanamtaja nyani wa msituni aitwaye kipunji, miaka nenda rudi. Watafiti walipomfuatilia, mwaka 2003 wakamwona kwa macho yao, na mwaka 2004 akaonekana pia upande wetu huu wa Iringa, kwenye msitu wa Ndundulu, milima ya Udzungwa. Dunia ilitangaziwa 2005. Leo kitabuni anaitwa Rungwecebus kipunji. Jina la wawindaji ndilo lililobaki.

Sasa, tutaandika nini? Chagueni mahali pasipozidi ekari tano, mpaite kwa jina lenu la siku zote, pale kwa nani, kwenye korongo gani, msihangaike na namba za ramani. Mwende watu wale wale idadi ile ile, muda ule ule, mara mbili kwa mwaka: mvua zikiisha, na kabla hazijaanza. Andikeni tarehe na jina la aliyeona. Andikeni kila shimo, mlango uko wazi au una utando, kuna mchanga mpya uliotapikwa nje au hakuna. Mavi ya mjusi mtayatambua kwa urahisi, ni meusi yenye ncha nyeupe, kama chaki imeguswa mwishoni. Sisemi guruguru ana choo cha ukoo kama tjakura. Kila mnyama na desturi yake, na hiyo ya guruguru wetu ndiyo mtakayotuandikia nyinyi. Andikeni nyayo nyingine mlizozikuta, hasa za paka na mbwa wa nyumbani. Andikeni moto ulipita lini mara ya mwisho.

Na jambo moja ambalo hata wanafunzi wangu wa kidato cha sita hunipinga: mkienda msikute kitu, andikeni hamkukuta. Ukurasa mtupu na ukurasa ulioandikwa "tumetafuta, hakuna" si kitu kimoja. Ule wa kwanza unasema hatukwenda. Wa pili unaweza kuwa ndio onyo pekee tutakalolipata.

Mambo mawili yatamgusa guruguru haraka, nayo yako mikononi mwetu. La kwanza ni matofali. Udongo wa kichuguu ni mzuri kwa matofali, hilo halina ubishi, nyumba yangu mwenyewe imejengwa nao. Sitawaambia msijenge. Naomba kabla jembe halijapiga, mtu akague mlango. Kichuguu chenye utando chukueni. Kilicho laini mdomoni kiacheni msimu huu, mchimbe cha jirani. Fundi matofali ndiye anayegusa vichuguu vingi kuliko mtu yeyote tarafani, na ningependa yeye awe wa kwanza kushika kalamu.

La pili ni moto. Agosti hadi Oktoba milima yetu inaonekana myekundu usiku, kuanzia huku bondeni mpaka juu Mufindi. Mfugaji anataka majani mapya, mkulima anasafisha shamba, mtoto anafukuza panya. Kila mmoja ana sababu yake, naielewa. Ila moto wa Septemba, nyasi zikiwa zimekauka kama karatasi, hauna kiraka, unafagia. Uchomaji wa mapema, Mei au Juni, nyasi zikiwa bado na unyevu, unakwenda polepole na unakufa wenyewe jioni, na unaacha vipande ambavyo havijaungua. Wazee wafugaji mnaujua kuliko mimi. Waanangu wameurudisha wao, na kwao mvua ni haba kuliko zetu.

Kuna mtu ataniuliza, na amekwisha niuliza pale nje: kuna faida gani? Jumuiya yetu hapa inaitwa MBOMIPA, Matumizi Bora ya Malihai Idodi na Pawaga. Malihai. Hawakusema tembo. Tulipokubali jina hilo tulikubali wote wenye uhai, na mjusi anakula wadudu wa shamba lako bila kukudai hata shilingi.

Onyo dogo kabla sijakaa. Mahali penye mashimo msipatume kwenye makundi ya simu, wala kupiga picha inayoonyesha njia. Mwaka 2021 ilitangazwa kwamba kwenye uwanja wa ndege wa Vienna, Austria, walikamatwa vinyonga 74 kutoka milima ya Usambara, wamefichwa kwenye soksi na makopo ya aisikrimu. Watatu hawakunusurika. Kuna watu wanaonunua mijusi kama sisi tunavyonunua nyanya, na wanafuata picha. Daftari litakaa kwa mtendaji, nakala kwa mwalimu mkuu, basi.

Kesho saa kumi na mbili alfajiri tunaanza na vichuguu vya mtoni. Jioni hii babu na vijana wanne watakwenda kufagia mchanga mbele ya milango kwa matawi, ili asubuhi tukute ukurasa safi. Tafadhali wachungaji, mifugo isipite njia ile kabla hatujasoma. Wenye mbwa, wafungeni nyumbani. Madaftari yako pale kwa mama mwenye kanga ya bluu, kila kijiji mawili mawili, moja la kuandikia na moja la nakala. Mkichukua, andikeni jina lenu kwenye jalada kwa wino.